Beleshi la Mwenyekiti

Beleshi la Delmar Skogen lilikuwa na karatasi nyekundu ya dukani kwenye bapa lake, yenye picha ya mbwa, na kwa miaka yote niliyolijua karatasi ile haikuwahi hata kukwaruzika. Si kwamba beleshi lilikaa ndani. Lilisafiri kuliko watu wengi wa kwetu. Lilipanda juu ya magogo, juu ya nyasi kavu, juu ya matofali ya nyumba ya binti yake, na mwaka mmoja juu ya mashua ya shemeji yake. Kazi halikufanya. Kazi yake ilikuwa kuonekana.

Huku kwetu Tamarack, kaskazini mwa Wisconsin, ardhi ikiganda wakati wa baridi inakuwa ngumu kama chuma, na lori lolote linapita na mzigo wowote. Shida ni Machi. Jua linarudi, juu kunayeyuka, chini bado kumeganda, maji hayana pa kwenda, na barabara inabaki uji uliofunikwa na lami nyembamba. Ndipo vibao vinapigiliwa: TANI SITA KWA EKSELI. Ukizidisha hapo unasubiri mpaka Mei, ardhi ikauke, au unatafuta msamaha. Na misamaha ipo, kwa sababu sheria hizi ziliandikwa na watu wenye malori. Gari la zimamoto limesamehewa. Gari la kunyonya vyoo limesamehewa. Gari la matengenezo ya barabara limesamehewa. Maziwa nayo yalikuwa yamesamehewa tangu enzi za babu zetu, kwa kuwa ng'ombe hajui Machi wala Aprili.

Delmar alikuwa mwenyekiti wa kata tangu mimi ninang'oka meno ya utoto. Vibao alivipigilia mwenyewe, kwa nyundo yake, na sitaki kumsingizia, lakini nilimsikia kwa masikio yangu akipiga mluzi. Kuna watu wanafurahi majira ya kuchipua yakifika kwa sababu ya maua. Yeye alifurahi kwa sababu kwa wiki kadhaa kila mwenye lori alilazimika kumsalimia vizuri. Alijificha na pikapu yake nyuma ya ghala la mahindi la kanisa, akaruka barabarani mkono juu, na kama ulibeba nyasi za ng'ombe wako mwenyewe kwenda kwenye zizi lako mwenyewe, alikuandikia faini huku akikuuliza hali ya watoto.

Halafu kesho yake unamwona yeye na lori lake jekundu, limejaa magogo mpaka springi zimelala, anapita palepale. Juu ya magogo, beleshi.

"Matengenezo," alisema akiulizwa, akionyesha juu kwa kidole gumba.

Siku ya mashua nilimwuliza mimi mwenyewe. "Unatengeneza nini na mashua, Delmar?"

"Barabara ya ziwani," alisema, bila hata kupepesa macho.

Mtu mmoja tu alimpasulia ukweli, naye ni mama yake, Bi Tilda, aliyeishi naye kwenye nyumba kubwa ya bondeni. Bi Tilda alipita miaka tisini na bado alikata kuni zake. Nilikuwa nakunywa kahawa mezani kwake Delmar alipoingia akijisifia faini ya siku hiyo. Mama hakuinua hata macho kwenye viazi alivyokuwa anamenya. "Mwanangu," alisema, "umetengeneza mlango, umeutia kufuli, ufunguo umeuweka mfukoni mwako, na sasa unataka tulisifie kufuli."

Mimi ni Lorna Zastrow, dereva wa lori la maziwa. Nazunguka mashambani, nanyonya maziwa kwenye matenki ya wakulima, napeleka kwenye kiwanda cha jibini. Kwa hiyo mkisikia sauti yangu ina ukali kidogo katika habari hii, mjue unatoka wapi. Majira ya kuchipua ya mwaka juzi mume wa Ardis Kubiak, ambaye anakata magogo, alichoka na faini. Akatundika dumu moja la maziwa kwenye bodi ya lori lake la magogo, akapita mbele ya Delmar polepole, akimpungia. Kibao kilisema magari ya maziwa yamesamehewa. Na maziwa yalikuwepo.

Delmar alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Ijumaa ile, tukiwa baa tunakula samaki wa kukaanga kama kila Ijumaa, alisimama na glasi yake ya brandi akatuhutubia. "Huu ni utapeli," alisema. "Mtu anachukua kitu kisicho na kazi, anakipandisha juu ya mzigo, anaichezea sheria." Kupitia dirishani nyuma yake tuliliona lori lake jekundu limeegeshwa na shehena ya matofali, na beleshi limelala juu likimeremeta. Kwetu hatusemi. Tunapitishiana chumvi.

Februari iliyofuata akapitisha azimio kwenye halmashauri: maziwa nje. Misamaha ikabaki ya zimamoto, ya matengenezo, na ya gari la vyoo. La vyoo alilibakiza kwa sababu nyumba yake ipo bondeni, na kila theluji ikiyeyuka maji yanapanda na shimo lake la choo linafurika. Ardis, ambaye ni mjumbe wa halmashauri, alipinga peke yake. Mjumbe wa tatu, Mzee Emil, alikuwa amesinzia, na kura zikiwa sare hesabu ikaenda kwa mwenyekiti. Vibao vilipopigiliwa Machi nikawa nabeba nusu tenki. Nikapita mara mbili nilipokuwa napita mara moja, barabara ikaumia vilevile, na hesabu hiyo haikumnyima mwenyekiti usingizi.

Kwa azimio hilohilo ndipo alipojifunga, ila bado hakujua.

Bi Tilda alikuwa amefariki Januari. Huku mtu akifa wakati wa baridi hazikwi. Hakuna jembe linaloingia. Anawekwa kwenye nyumba ndogo ya mawe pale makaburini, juu ya kilima karibu na kanisa, na anangoja. Nyumba ile haina mashine yoyote ya ubaridi. Inategemea baridi ya Mungu. Bi Tilda aliichukia kuliko kifo chenyewe. Mumewe aliwahi kukaa humo mpaka Juni, mwaka mmoja wa mvua nyingi, na kila Jumapili baada ya ibada yule mama alikwenda kugonga mlango wa mawe, taratibu, asije akajiona amesahauliwa. Kwa hiyo alipokuwa anakata roho alimshika Delmar mkono. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea siagi, na mchungaji alikuwepo.

"Siku ya kwanza ardhi ikikubali jembe," alisema. "Usiniache humo kama makoti ya baridi."

"Siku ya kwanza, mama," Delmar alisema, na alilia kama mtoto. "Nakuapia."

Ardhi ya kilimani, kule jua linakopiga, ilikubali jembe mapema Aprili. Kaburi likachimbwa. Mazishi yakapangwa Jumamosi, ndugu wakakata tiketi za ndege kutoka Arizona. Na nyumba ya mawe ikaanza kudondosha maji kwenye paa, kwa maana baridi ya Mungu nayo ilikuwa inafungasha.

Kilichobaki ni sanduku la zege. Kwenye makaburi yetu jeneza halishuki peke yake. Linawekwa ndani ya sanduku la zege ili kaburi lisije likabonyea na mashine ya kukata nyasi ikatumbukia. Sheria hiyo mnaweza kukisia aliileta nani. Sanduku linaletwa kutoka mjini na lori lenye kreni mgongoni, na lori lile hata likiwa tupu linapita tani sita kwa ekseli bila kujitahidi. Siku zote magari ya mazishi yalipita chini ya maneno madogo mwishoni mwa ile orodha ya zamani, pamoja na maziwa. Delmar alipofuta mstari wa maziwa alifuta mstari mzima. Hakuusoma mpaka mwisho. Mwenye ufunguo hasomi mlango.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nyuma ya lori la zege pale barabara yetu inapokutana na barabara kuu. Dereva, kijana mnene mwenye kofia ya kiwanda chake, alikuwa amezima injini mbele ya kibao na anakula sandwichi. Delmar alifika na pikapu, amevaa tai.

"Endelea tu, kijana," alisema. "Mimi ndiye mwenyekiti."

"Naona," dereva alisema. "Jina lako lipo kwenye kibao."

"Hicho kibao ni cha watu wa magogo."

"Hakijaandikwa magogo, mzee. Na sisi mwaka jana tulipigwa faini kwenye kata ya jirani. Bosi amesema asiyekuwa na karatasi ya halmashauri, zege linarudi."

Lori jekundu la Delmar lilikuwa kwa fundi tangu Februari, ekseli imekatika kwa kubebeshwa kupita uwezo wake. Beleshi alikuwa amelihamishia kwenye pikapu. Nikamwona analichukua, analipandisha kwenye lori la zege, analilaza vizuri juu ya sanduku la mama yake, anarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama.

"Haya," alisema. "Sasa wewe ni matengenezo."

Dereva alishuka na sandwichi yake. Alilitazama beleshi. Akaikuna ile karatasi nyekundu kwa ukucha. "Mzee," alisema, "hili halijawahi hata kutolewa dukani."

Mkuki kwa nguruwe. Nilicheka ndani ya kebini mpaka nikalowesha usukani kwa kahawa.

Kwa bahati yake halmashauri ilikuwa inakaa jioni ileile. Ukumbi ulijaa kuliko siku ya uchaguzi, kila mwenye lori yupo, kila mmoja ameleta sinia la keki ili asionekane amekuja kwa umbea. Kwa kuwa jambo lilimhusu mwenyekiti mwenyewe, alitoka kitini, akaenda kukaa kwenye benchi la raia, na Ardis Kubiak akashika nyundo ya kikao.

Hapa inabidi niseme neno juu ya tulivyolelewa. Kwetu mtu hakubali kitu mara ya kwanza. Ukimkaribisha kahawa anasema hapana, ameshakunywa. Mara ya pili anasema usijisumbue. Mara ya tatu anasema basi, kama iko tayari, nusu kikombe; halafu anakunywa birika zima. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona mlafi. Na anayeomba kwa kinywa chake mwenyewe, huyo hata hatujui tumwite nini.

"Jambo la nne," alisema Ardis. "Gari la zege la marehemu Bi Tilda. Delmar, tukupigie kura ya msamaha?"

Delmar aliweka mkono kifuani. "Ah, hapana, Ardis. Sheria ni sheria. Msijisumbue kwa ajili yangu."

Watu walitikisa vichwa. Alikuwa amesema vizuri, kama inavyotakiwa.

"Ni kura ya dakika moja," alisema Ardis. "Mzee Emil yuko macho leo."

"Hapana, hapana. Watu watasema najipendelea."

Akainamisha macho akangoja. Nilikuwa benchi la nyuma yake, na hata kisogo chake kilikuwa kinajiandaa kwa ule uso wa mtu aliyelazimishwa. Ardis alimtazama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa.

"Haya," alisema. "Katibu, andika kwamba mwenyekiti amekataa. Jambo la tano, mbwa wanaozurura."

Delmar alifungua mdomo. Na sisi tukajadili mbwa. Sijawahi kuona kata inawapenda mbwa kiasi kile. Kila mtu alikuwa na la kusema, mpaka mume wa Ardis, ambaye hana mbwa, alisimama mara mbili.

Tulipokuwa tunavaa makoti Delmar alinifuata pale mlangoni. Tai ilikuwa imeenda upande.

"Hakuuliza mara ya tatu," alisema.

"Hakuuliza."

"Amezaliwa hapahapa, Lorna. Anajua kabisa."

"Anajua kabisa," nilisema. "Ndiyo maana hakuuliza. Si ungesema ndiyo tu?"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali kanisani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Paa linadondosha maji pale. Nilimwapia."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumchoma, mazuri, ya kutosha mpaka nyumbani. Yaliniishia. Nilimwona Bi Tilda anagonga ule mlango wa mawe, na roho iliniuma, kwa ajili ya mama, si kwa ajili yake.

"Kuna gari moja zito ulilolibakizia msamaha," nilimwambia. "Na mwenyewe ana winchi na tela."

Alifikiri. Nililiona jibu linavyompanda usoni, na halikumpendeza. "La Milo?"

"La Milo."

Milo Zastrow ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Ananyonya vyoo vya kata nzima na kuchimbia watu matenki mapya ya zege. Ni mtu msafi kuliko mimi, anaoga mara tatu kwa siku, lakini kazi ni kazi na pua za watu zina kumbukumbu. Ijumaa moja Delmar alimwomba, mbele ya wote, ahamishe sahani yake kutoka mezani, "kwa ajili ya wengine." Tangu siku hiyo Milo anakula samaki wake kwenye kiti cha mlango wa nyuma, karibu na ndoo za kudekia. Hakuwahi kulalamika. Alihama tu, na hakurudi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa uani kwa Milo naosha lori langu, pikapu ya Delmar ilipoingia. Milo alikuwa amelala chini ya gari lake la kijani anakaza kitu. Alitoka nusu, akabaki amelala mgongoni.

"Theluji inaisha," Delmar alisema.

"Inaisha," alisema Milo.

"Mwaka huu imewahi."

"Imewahi."

Nilipunguza maji ya mpira nisikose neno.

"Mama alikupenda sana, Milo."

"Mama yako alinipa kahawa mezani, ndani ya nyumba yako, ukiwa hupo. Kikombe chenye maua."

"Sikujua hilo."

"Aliniambia nisikuambie."

Delmar alikohoa. Alisema barabara ya kilimani imelainika. Alisema kwamba mtu mwenye winchi na tela, na mwenye msamaha, akiwa na nafasi kesho, huenda ikatokea kwamba anapita upande ule. Milo alisubiri aishe. Kisha akatoka kabisa chini ya gari, akakaa kitako kwenye changarawe.

"Shemeji, funga maji," aliniambia, "yanapotea bure." Halafu akamgeukia Delmar. "Unataka nini, Mwenyekiti? Sema kwa mdomo."

Wekundu ulianzia kwenye kola ukapanda. Nimeona ng'ombe anazaa kwa taabu ndogo kuliko ile. "Nataka sanduku la mama lifike kaburini," alisema. "Naomba, Milo. Naomba unisaidie."

"Sawa," alisema Milo. Mara ya kwanza tu, bila kuzungushana. Lakini akainua kidole. "Ila msamaha wangu ni wa kwenda kwenye kazi ya choo. Nisipokuwa na choo cha kunyonya kilimani, mimi ni lori kama malori mengine, na nitasimama kwenye kibao chako. Choo cha kanisa kimejaa?"

Hakikuwa kimejaa. Lakini habari zilienda, na Ijumaa ile akina mama wa kanisa walihamishia kilimani usafi wa ukumbi, mazoezi ya kwaya na kikao cha keki, na wakachemsha kahawa birika juu ya birika. Sitasema zaidi. Mpaka jua linazama Milo alipima shimo kwa fimbo yake akasema kazi ipo, na ni ya halali.

Jumamosi, lori la mjini likapandisha sanduku kwenye tela ya Milo kwa kreni yake pale barabara kuu, upande wa halali wa kibao. Tukapanda kilima. Mbele gari jeusi na jeneza, lililotolewa nyumba ya mawe jana yake ili mama aagwe nyumbani; gari jepesi, halina ugomvi na sheria yoyote. Nyuma yake gari la kijani la kunyonya vyoo, limeoshwa mpaka unajiona, linavuta sanduku la zege lenye maua. Nyuma yake Delmar, kwa miguu, bila kofia, matope hadi magotini. Barabara ililia chini ya magurudumu ya Milo. Ilikatika mistari miwili, mirefu, na kila mwenye lori aliyekuwa kwenye msafara aliitazama ile mistari kwa utulivu mkubwa.

Pale juu mchungaji alifungua kitabu. Milo akainua mkono. "Samahani, Mchungaji. Kazi kwanza, ndipo niwe halali." Akatandaza mpira wake mpaka nyuma ya kanisa, akawasha pampu. Kwa hiyo Bi Tilda Skogen, sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, alisubiri kando ya kaburi lake huku choo cha kanisa kinanyonywa, na wimbo wa kwanza tuliuimba kwa kushindana na pampu. Pampu ilishinda beti zote. Ndugu wa Arizona walitazama viatu vyao. Sheria ni msumeno, na siku ile ulikereza taratibu mbele ya wageni.

Lakini Milo alipokuja kwenye kaburi nilinyamaza hata moyoni. Alisimamisha winchi yake ya miguu mitatu, ileile anayoshushia matenki, akashusha zege lile bila kuligonga popote, akashuka mwenyewe na pima maji kuhakikisha limekaa sawa. Jeneza likafuata. Kifuniko kikafuata. Delmar alilia, na kwa hilo sitamcheka. Alikuwa ametimiza. Mlango wa mawe uliachwa wazi na ndani hakukuwa na mtu.

Kwenye chakula, chini ya kanisa, akina mama walimsukuma Milo kwenye kiti cha katikati wakamrundikia nyama ya nguruwe na viazi. Alikula hapo mpaka mwisho. Delmar alikaa kinyume chake na alimpitishia chumvi.

Mngetaka niwaambie kwamba Jumatatu maziwa yalirudishiwa msamaha. Hayakurudishiwa. Jumatatu nilikuwa bado na nusu tenki, na kibao kilikuwa palepale. Ila barabara ya kilimani ilikuwa na ile mifereji miwili, kiasi cha kumlaza nguruwe na wanawe, na mkandarasi wa kata alikuwa amesema atakuja Juni. Matengenezo ya barabara ni kazi ya mwenyekiti. Ipo kwenye sheria.

Nilimkuta katikati ya mteremko na toroli ya changarawe. Alikuwa amevua koti. Anachota, anamwaga, anashindilia kwa mgongo wa beleshi, anasogea. Sehemu ya juu alikuwa ameshaimaliza, imelala vizuri sana, lazima niseme. Ile karatasi nyekundu ilikuwa imebanduka. Mbwa alikuwa amebaki miguu na mkia.

Nilisimama, nikashusha kioo.

"Nikusaidie, Delmar?"

"Hapana, Lorna. Niko sawa."

"Una hakika?"

"Usijisumbue. Una maziwa hapo."

Na akaegemea mpini, akainamisha macho, akangoja.

Nilikuwa na maziwa, kweli, nusu tenki, na safari ya pili mbele yangu kwa hisani yake. Nikatia gia nikaondoka, nikipanda kwa kukwepa mifereji aliyoijaza. Nilifika karibu na kona. Kwenye kioo cha pembeni alikuwa bado amesimama vilevile, ameegemea vilevile, mzee wa miaka sabini mwenye matope usoni na kaburi bichi la mama yake kule juu, anangoja mara ya tatu. Nikatukana, peke yangu, neno ambalo Bi Tilda asingelipenda. Barabara ile haina mahali pa kugeuzia. Nikarudi kinyumenyume, lori zima, polepole, kwenye ile mifereji aliyokwisha kuijaza, na nikaisikia changarawe yake inavyozama chini yangu kutoka juu ya mteremko mpaka pale alipokuwa.

Delmar alitazama magurudumu yangu. Kisha akatazama kazi ya asubuhi yake yote.

"Mara ya tatu, Delmar," nilisema. "Nikusaidie?"

"Sasa itabidi," alisema.